Pikipiki pacha, majina mawili: nani mkweli?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kahama. Tumevunja kikoba na nataka kununua pikipiki mbili niwape vijana kwa mkataba, hesabu elfu kumi kwa siku. Dukani nimeonyeshwa pikipiki mbili za Kichina zinazofanana kama mapacha: tangi lile lile, taa ile ile, mpaka keria. Moja ina jina ambalo hapa kila mtu analijua. Nyingine jina lake sijawahi kulisikia, linakaribiana na Honda, pembeni limechorewa bawa, na chini ya siti kuna stika ya 'Japan Technology'. Hiyo ya pili imepungua bei kwa laki tatu na nusu. Muuzaji anasema zote ni kiwanda kimoja, tofauti ni stika tu. Shemeji yangu ambaye ni dereva anasema hiyo ya pili ni feki, injini itakufa kabla ya mwaka. Mwingine kaniambia vya Mchina vyote ni vilevile, ninunue ya Mhindi. Nani mkweli? Naogopa hela ya kikoba isije ikaishia gereji."

Marahaba, mwalimu. Umeuliza habari za stika, lakini nikilisoma swali lako naona unachouliza ni hela: hiyo laki tatu na nusu utakayoiokoa leo dukani, je, hutaitoa kesho gereji? Nitakujibu, ila nivumilie kidogo. Hao watu watatu waliokushauri kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na kipande kimoja hakitoshi kununulia pikipiki.

Muuzaji wako anaweza kuwa anasema kweli tupu. Shemeji yako amekosea neno, "feki" silo, lakini hofu yake ina msingi. Huyo wa tatu, wa "vyote ni vilevile", ndiye aliye mbali zaidi, ingawa simlaumu: macho yake hayamdanganyi, zinafanana kweli.

Nikueleze kwanza nilichokiona kwa macho yangu. Kuna miaka nilifanya kazi stoo ya muagizaji mmoja Dar es Salaam. Pikipiki huja ndani ya kreti la vyuma, tairi la mbele limefunguliwa na kulazwa ubavuni, usukani umefungwa juu ya tangi kwa mpira, na kwenye boksi dogo kuna vioo, betri, spana ya plagi na funguo. Siku moja tukafungua mzigo mpya, matangi yote meusi ti, hayana hata herufi. Tukadhani tumeletewa mzigo wa watu. Kumbe jina lilikuwa kwenye boksi dogo, ndani ya mfuko wa nailoni, limekaa na vioo. Kijana wa stoo akaunyanyua ule mfuko akauliza, "Bosi, hizi leo tunaziita nani?" Tulicheka sana, lakini lile ndilo swali lako lenyewe.

Sisi tumezoea kuamini kwamba jina kwenye tangi ni jina la aliyeunda, kama ilivyo kwa Honda au Yamaha. Kwa pikipiki za Kichina zinazokuja huku, mara nyingi kuna watu watatu nyuma ya chombo kimoja: kiwanda kinachounda, kampuni yenye jina, na muagizaji aliyeagiza mzigo. Wakati mwingine watatu hao ni mmoja au wawili. Haojue, kwa mfano, ni kiwanda kikubwa cha Jiangmen, jimbo la Guangdong, kinachounda kwa jina lake, na kwa miaka mingi kilikuwa mshirika wa Suzuki. Lakini mfanyabiashara wa Dar, Kampala au Nairobi anaweza pia kwenda China, akachagua pikipiki kwenye orodha, akaagiza kontena zake na kuomba jina analolitaka yeye. Akiwa wa hapa, jina hilo analisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na kuanzia hapo ni mali yake. Kesho akigombana na kiwanda kuhusu bei, anahamia kiwanda kingine na jina lake mkononi. Pikipiki inabadilika, jina linabaki. Na kile kiwanda alichokihama kinaendelea kuuza pikipiki ile ile kwa mtu mwingine mwenye jina jingine. Ndivyo mapacha wako walivyozaliwa.

Sasa kwa nini zifanane kiasi hicho? Hapa inabidi turudi nyuma, twende mji wa Chongqing, ndani kabisa ya China, kwenye mto Yangtze. Wakati wa vita na Japani viwanda vya silaha vilihamishiwa huko ili viwe mbali na adui. Vita vikaisha, miaka ikapita, na mageuzi ya uchumi yalipoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, viwanda vile vikaambiwa vitafute kitu cha raia cha kuuza. Kiwanda cha Jialing kikatoa pikipiki ndogo ya cc 50 mwaka 1979, kisha kikashirikiana na Honda. Jirani yake Jianshe akaenda na Yamaha. Wajapani wakaleta michoro na mashine, na watengenezaji wadogo wakazuka pembeni kuwauzia viwanda hivyo vipande: huyu pistoni, yule kabureta, mwingine taa.

Wafanyabiashara binafsi wakaliona hilo. Kama vipande vyote vinapatikana mtaani, mtu anahitaji nini zaidi ya bisibisi na spana? Zuo Zongshen alikuwa fundi pikipiki mwenye gereji. Mwaka 1992 akaanzisha kampuni ambayo leo ni Zongshen. Mwaka huohuo Yin Mingshan, mtu aliyetoka kwenye biashara ya vitabu, alianzisha kikampuni cha watu tisa cha vipuri na injini, ambacho baadaye kilikuja kuitwa Lifan. Loncin naye akafuata. Hakuna aliyehitaji kubuni pikipiki nzima. Vipimo vya kila kipande vilikuwa vinajulikana na kila mtu mjini, kwa hiyo silinda ya huyu iliingia kwenye kizimba cha injini ya yule bila kugombana. Ukitaka kuelewa kwa nini fundi wako wa Kahama anaweza kuchukua bloku ya jina moja akaifunga kwenye pikipiki ya jina jingine, sababu ni hiyo.

Na injini iliyozunguka zaidi katika mtindo huo ni ile mafundi wanayoiita CG. Asili yake ni Honda CG125 ya mwaka 1976. Honda waliiunda kwa ajili ya nchi kama zetu baada ya kuona kwamba kwenye pikipiki zao za kawaida, zenye kamshafti (mhimili unaofungua valvu) juu kichwani inayozungushwa na cheni, watu walikuwa wanasahau kubadili oili na kamshafti inalika. Wakaishusha kamshafti chini, karibu na kizimba cha oili, na valvu zikawa zinasukumwa na vijiti viwili virefu. Ni teknolojia ya kizamani kwa makusudi. Haipendi kasi, ina kelele zake, lakini inavumilia sana mtu mzembe. Kwa hiyo ile stika ya "Japan Technology" ina chembe ya ukweli: mchoro wa mwanzo ni wa Mjapani. Lakini haikwambii ni nani aliyemimina chuma cha silinda yako wala alikimimina vipi. Mimi stika hiyo huwa naisoma kama ninavyosoma "Mungu ni Mwema" kwenye daladala. Haisemi lolote kuhusu breki.

Tuje kwenye bawa na lile jina linalokaribiana na Honda. Mchezo huu ni wa zamani. Unajua hao Lifan mwanzoni walijiitaje? Hongda. Wachina wenyewe Honda hawaiiti Honda, kwa lugha yao alama zilezile ambazo Wajapani wanaandikia Honda wanazisoma Bentian. Kwa hiyo mfanano wa Hongda na Honda unaonekana vizuri zaidi kwenye herufi tunazotumia sisi. Honda walikwenda mahakamani, na mwaka 2004 mahakama ya Beijing ikaiamuru Lifan iwalipe fidia kwa matumizi ya jina hilo. Lakini huyu mwigaji hakuwa mtu wa kibanda cha uani. Lifan ilikuja kuwa kampuni kubwa, ikaingia soko la hisa la Shanghai mwaka 2010, ikaunda hadi magari, kisha mwaka 2020 ikaelemewa na madeni na kuingia kwenye mpango wa kufilisika na kupangwa upya. Honda nao wana kisa chao: mwaka 2001 waliamua kuungana na Sundiro, kampuni iliyokuwa inaunda pikipiki za kunakili za kwao wenyewe, wakazaa Sundiro Honda. Ukishindwa kumzuia mwizi wa mahindi, mpe jembe mlime wote.

Kwa hiyo, mwalimu, tutenganishe mambo matatu ambayo sisi mtaani tunayarundika kwenye neno moja "feki". Kuna kunakili umbo na injini, na hapo karibu kila pikipiki ya Kichina ya cc 125 unayoiona stendi ina kosa hilo, ikiwemo ile yenye jina linalojulikana. Kuna jina la kuazima sura, kama la huyu wako mwenye bawa. Halisemi uongo waziwazi, linategemea usisome vizuri. Halafu kuna bidhaa bandia yenyewe: pikipiki au kipuri kilichobandikwa jina la mtu mwingine bila ruhusa yake. Hilo la tatu ndilo kosa la kisheria la wazi, na Tume ya Ushindani hulifuatilia. Yako ni ya kundi la pili. Nikiona jina la aina hiyo huwa sisemi moja kwa moja kwamba chombo ni kibovu, ila najiuliza: mtu huyu ana mpango wa kukaa na jina hili miaka kumi? Aliyewekeza kwenye jina lake analichagua liwe lake. Aliyechagua kivuli cha mwenzake mara nyingi anahesabu kontena hili na lijalo, basi.

Yaliyotokea Vietnam yanafundisha hapa. Kuanzia mwaka 2000 hivi pikipiki za Kichina zilimwagika kule kwa bei ambayo watu hawakuwahi kuiona, nyingi zikiwa na umbo la Honda na majina ya kuvutavuta. Viwanda vikaanza kushindana vyenyewe kwa vyenyewe kwa kushusha bei, na bei ya pikipiki ikishuka kuna kitu ndani kinapunguzwa: unene wa chuma, ubora wa beringi, rangi. Wanunuzi wakaja kugundua barabarani. Serikali ikabana uagizaji wa vipande, na mwaka 2002 Honda wakatoa Wave Alpha ya bei ya chini, wakitumia baadhi ya vipande vya Kichina hukohuko, na wateja wakarudi kwao. Waliokuwa na pikipiki za majina yasiyo na mwenyewe wakabaki nazo.

Hicho kilichopunguzwa ndani ndicho unachotakiwa kukitafuta. Muagizaji anapoagiza anakaa na kiwanda kama unavyokaa na fundi cherehani: bitana gani, vifungo gani. Cheni ya 428 ya kawaida au 428H, yenye sahani nene? Spoku za unene gani? Betri ya ukubwa gani? Tairi za kampuni ipi? Shokapu za bei gani? Kila "punguza" inashusha dola kadhaa, na kwenye kontena zima zinakuwa hela. Pikipiki mbili zinaweza kutoka kwenye mstari mmoja wa kiwanda kimoja, asubuhi na jioni, moja ikaenda na vitu vizuri na nyingine na vitu vya kubania. Muuzaji atasema "kiwanda kimoja" na hatakuwa amedanganya.

Sasa shika simu yako urudi dukani. Usipige picha ya tangi, piga picha ya mihuri. Stika hubandikwa na yeyote. Namba iliyogongwa kwenye chuma ina adabu zaidi.

Namba ya chesi inagongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia. Ina tarakimu na herufi 17. Iliyoundwa China inaanza na L. (Boxer ya Bajaj utakuta MD2, TVS ni MD6, kwa sababu hizo ni za India.) Herufi tatu za mwanzo ndizo utambulisho wa aliyeunda: LF3 ni Lifan, LZS ni Zongshen, LLC ni Loncin, na kila kiwanda kina yake. Basi weka mapacha wako sambamba ulinganishe hizo tatu. Zikiwa sawa, muuzaji kasema kweli kuhusu kiwanda. Zikitofautiana, ana maelezo ya kutoa. Kisha hesabu hadi nafasi ya kumi, hapo kwa kawaida ni mwaka: P ni 2023, R ni 2024, S ni 2025. Usishangae kukosa O na Q, ziliachwa kwa sababu zinafanana na sifuri. Ukikuta "mpya kabisa" ina herufi ya miaka minne iliyopita, ujue imelala stoo. Mpira wa tairi na sili za shokapu huzeeka hata zikiwa zimekaa kivulini, na hapo una sababu ya kushusha bei.

Namba ya injini iko chini ya kizimba cha injini, mara nyingi kushoto, karibu na pedeli ya gia. Utakuta maneno kama 157FMI au 162FMJ kabla ya namba yenyewe. Wengi wanadhani ni modeli tu, lakini yanasomeka. Ile 1 ni idadi ya silinda. 57 au 62 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, kwa kukadiria. F ni kupozwa kwa hewa, M ni pikipiki, na herufi ya mwisho ni daraja la ukubwa: I ni cc 125, J ni cc 150. Wewe ni mwalimu, hesabu hii utaipenda. Kwenye injini hizi za CG mwendo wa pistoni ni sentimita 4.95 kwa zote mbili. Ya 150 ina kipenyo cha sentimita 6.2: nusu yake 3.1, kwa kipeo cha pili, mara pai, mara 4.95, unapata kama 149. Ya 125 kipenyo chake halisi ni 5.65: fanya vilevile, unapata 124. Kinachozitofautisha ni upana wa tundu tu. Kwa hiyo ukikuta ubavuni stika kubwa ya "150" na kwenye chuma imegongwa 157FMI, umelipia cc 25 za karatasi. Hilo halihitaji fundi, linahitaji macho.

Namba zote mbili zifanane na zilizo kwenye kadi, herufi kwa herufi. Ukiona mhuri umekwaruzwa, umepigwa tupa au herufi zimepanda na kushuka kama meno ya mtoto, usinunue, usibishane, ondoka. Na kama umeshanunua ndipo ukagundua, hilo si la fundi tena. Nenda polisi usalama barabarani kabla kijana hajakamatwa nayo njiani.

Baada ya mihuri, piga magoti. Linganisha cheni ya huyu na ya yule: namba imeandikwa kwenye sahani zake, tafuta hiyo H. Gonga spoku moja moja kwa kalamu. Zilizokazwa sawasawa hulia sauti inayokaribiana, iliyolegea hulia bubu. Bonyeza shokapu za mbele kwa uzito wako mara kumi, kisha pitisha kidole kwenye bomba uone kama kuna oili. Chungulia chini ya tangi, pale rangi inapofichwa: hapo ndipo utaona kama walipiga rangi au walipuliza tu. Fungua siti, tazama waya. Zilizofungwa kwa utaratibu ndani ya mfuko wake ni dalili ya mtu aliyekuwa anafikiria mvua.

Kuhusu vipuri, ushauri wa kawaida ni "nunua jina lenye spea", na ni ushauri mzuri, lakini kwa kesi yako kuna jambo dogo ambalo watu hawalisemi. Spea za ndani ya injini ya CG, pistoni, ringi, klachi, vijiti vya valvu, zipo kila duka na hazijali jina. Kinachokwamisha pikipiki za majina mageni huwa ni vitu vya nje: taa, mita, swichi, kava za pembeni, kifuniko cha tangi chenye ufunguo. Sasa pacha wako amevaa nguo za ndugu yake maarufu. Taa ya mwenzake itamwingia. Kwa hilo tu, yule mgeni hana ubaya wowote.

Kinachobaki ni mwenye jina, na kuuza tena. Siku mkataba ukivunjika katikati, na huvunjika, kijana anaumwa au anakimbilia mgodini, utarudishiwa pikipiki yenye miezi saba. Yenye jina linalojulikana utaiuza kwa simu mbili. Ile yenye bawa utaieleza kwa kila anayekuja kuitazama. Pia vijana wenyewe huchagua. Dereva mzuri, mwenye wateja wake, anataka chombo asichochekwa nacho kijiweni. Si sababu ya kifundi lakini inaamua nani atakubali mkataba wako. Usisahau jinsi majina yanavyoshika watu: Bajaji tumeifanya jina la kila pikipiki ya miguu mitatu bila kujali nani kaiunda, na kuna sehemu za nchi hii watu waliita kila pikipiki toyo.

Tupige hesabu yako. Laki tatu na nusu ni hesabu ya siku 35. Ile ya bei rahisi ikilala gereji siku moja tu zaidi kila wiki kuliko mwenzake, tofauti yote imeliwa ndani ya miezi minane hivi, na hapo sijaweka bei ya spea. Ikilala siku moja zaidi kwa mwezi, umefanya biashara nzuri. Kila kitu kinategemea ulichokikuta ulipopiga magoti.

Ya Mhindi ni chaguo halali, Boxer hasa. Ina sifa ya kustahimili mzigo na inauzika tena vizuri. Lakini kwa kawaida bei yake ya kununua iko juu zaidi, na kwa hela ya kikoba huenda ukapata moja badala ya mbili, au ukope. Kama njia za vijana wako ni za mashambani na magunia, ningeifikiria. Kwa mizunguko ya mjini, ya Kichina nzuri inatosha. Na usije ukadhani China haijui kuunda: Loncin huyo huyo wa Chongqing anawaundia BMW injini na skuta, na Benelli ya Waitaliano ni mali ya Qianjiang wa Zhejiang tangu 2005. Wanaweza kuunda kwa ubora wowote utakaolipiwa, na muagizaji wa huku ndiye anayeamua alipie upi.

Ningekuwa mimi? Herufi tatu za mwanzo zikiwa sawa, cheni, tairi na shokapu zikiwa daraja moja, na muuzaji akakubali kuandika dhamana ya injini kwa miezi sita kwenye risiti yenye mhuri wa duka, ningechukua ile ya bei rahisi na bado ningeomba apunguze. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, ningelipa laki tatu na nusu bila kinyongo. Na vyovyote iwavyo ningenunua mbili za aina moja, usinunue moja moja kwa kujaribu. Fundi mmoja, spea moja, na kijana mmoja hatasema mwenzake kapendelewa.

Kabla ya kulipa, nenda na fundi wako wa mtaani, asiwe rafiki wa duka. Mlipe nauli na soda, aiwashe ikiwa ya baridi, aisikilize. CG hutoa tikitiki nyepesi ya valvu, hiyo ni tabia yake. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, kama mtu anabisha mlango, si tabia yake. Na mkataba wa vijana uandikwe mbele ya mwanasheria au afisa mtendaji wa kata, na bima iwe hai kabla chombo hakijatoka uani.

Kosa linaloua injini hizi mpya wala halihusu jina. Injini ya CG haina filta ya karatasi ya oili, ina kichujio cha wavu tu na sahani inayozunguka ikikusanya uchafu. Kilomita 500 za mwanzo chuma kipya kinasuguana na kutoa vumbi. Mwaga ile oili ya kwanza kwenye beseni jeupe uitazame juani: utaiona inametameta kama rangi ya kucha. Ukiiacha hadi mwezi wa tatu, hilo vumbi linakula beringi, na shemeji yako atasema alikuonya kuhusu feki. Ni oili ya kama lita moja tu, lipia wewe mwenyewe mara hiyo ya kwanza, usimwachie kijana.

Na ukikabidhiwa, fungua lile boksi dogo uhesabu funguo. Ziwe mbili. Moja mpe kijana, ya pili iweke ndani kwako na kadi.